Kiapo cha Mama Owiti

Saa nane mchana mtaa wa Tena hunyamaza. Watoto wako shuleni, mwenye mkokoteni wa maji keshapita, na wazee waliostaafu wamesinzia mbele ya runinga zinazojisemea zenyewe. Ilikuwa saa hiyo, Jumanne moja ya mwezi wa pili, Truphena alipokuwa sebuleni akichambua mboga ya kunde, ndipo alipoisikia cherehani ikishona katika chumba cha nyuma.

Hakushtuka mara moja. Mikono yake iliendelea kunyofoa majani huku sikio likifuata ule mlio: mshono mrefu, kituo kifupi kama mtu anayegeuza kitambaa, kisha mshono mwingine. Aliufahamu. Aliyekuwa akiikanyaga cherehani ile alikuwa na mguu mmoja mzito kuliko mwenzake, na mlio wake ulichechemea. Ndipo alipokumbuka kwamba cherehani hiyo aliiuza yeye mwenyewe mwaka wa 1996 kwa fundi mmoja wa Buruburu, na kwamba mwenye mguu ule alikuwa ameondoka katika nyumba hii mwaka mmoja kabla.

Akainuka, akaenda, akafungua mlango. Ndani mlikuwa na magunia mawili ya mahindi, baiskeli kuukuu ya marehemu mumewe, na vumbi. Hapakuwa na kitu kingine.

Mumewe, Caleb, alikuwa mtu wa reli, na alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Miaka yake ya mwisho alikuwa amekitia kufuli chumba hicho, na alipoulizwa akasema ni panya. Truphena alimcheka siku hiyo, maana hakuna panya anayezuiwa na kufuli. Baada ya mazishi alilikata lile kufuli apate pa kuweka mahindi. Sasa, akiwa amesimama mlangoni na majani ya kunde yamemganda viganjani, alianza kuelewa kwa nini mumewe alikuwa akipandisha sauti ya redio kila baada ya chakula cha mchana.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka sitini na sita, na alijua mwanamke wa umri huo akisema anasikia vitu, watu hutazamana. Lakini mlio ulirudi Alhamisi, ukarudi Ijumaa. Wiki ya tatu, Mutheu, msichana aliyekuja kutoka Makueni kumsaidia kazi za nyumbani na ambaye hakujua lolote la nyumba ile, alimletea chai akauliza, "Mama, huyo anayeshona kule nyuma ni nani? Nina sketi nataka anipunguzie kiuno."

Truphena aliweka kikombe chini kabla hakijamwagika. "Ni jirani," akasema. "Ukuta wetu ni mwembamba."

Mwezi huohuo daktari alimwambia moyo wake umepanuka. Mwanawe wa pekee, Owiti, aliyekuwa mhasibu mjini, alikuja Jumapili na karatasi za mchoro wa fleti ya orofa tano aliyotaka kuijenga siku moja pale penye nyumba. Alikuwa mtoto mzuri, hakuwahi kumkosea mamaye adabu, na alizungumza kwa upole.

"Mama, sisemi unaenda popote. Lakini watu wengi hapa Tena wamekufa bila kuandika, na watoto wao mpaka leo wako kortini. Nenda kwa wakili uandike wosia. Ukishaandika, mimi nitalala usingizi."

Truphena akaona ni neno la busara. Wiki iliyofuata akapanda ngazi hadi ofisi ya wakili mmoja aliyeitwa Wangeci, huko Donholm, juu ya duka la dawa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, aliyeandika kwa mkono na kuuliza maswali kama muuguzi.

"Mama, mali yako ni ipi?"

"Nyumba. Ile ya Tena."

"Iko kwa jina la nani?"

"Langu. Kabla yangu ilikuwa ya mume wangu."

"Na mume wako aliinunua?"

"Aliachiwa na kaka yake, Odera. Odera alifariki mwaka wa tisini na tano."

Wangeci aliandika, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na huyo Odera aliacha nani?"

Lilikuwa swali la kawaida. Lakini Truphena alisikia chumba kizima kikisubiri. Alifungua mdomo aseme alivyosema miaka ishirini na tisa iliyopita, na maneno yakakataa kutoka. Aliomba maji. Baada ya kunywa alisema anajisikia vibaya, kwamba atarudi siku nyingine, akashuka ngazi akijishika ukutani.

Alichokisema mwaka ule ni hiki: kwamba Odera hakuacha mke wala mtoto, na kwamba mwanamke aliyekuwa akiishi naye alikuwa mpangaji tu.

Mwanamke huyo aliitwa Adoyo. Alikuwa mshonaji, mwenye maneno machache, na kwa muda wa miaka minne yeye na Truphena waliitana nyieka, kama wanavyoitana wake wa ndugu kwa Kijaluo. Wakati huo Truphena na Caleb walikuwa wamepanga chumba kimoja Mukuru kwa Njenga, na kila Jumapili walikuja Tena kula kwa Odera. Truphena alikuwa akitazama jiko la Adoyo, bomba la Adoyo lililotoa maji ndani ya nyumba, dirisha la Adoyo lenye pazia alilolishona mwenyewe, kisha anarudi Mukuru jioni kuchota maji kwa ndoo.

Odera akafa ghafla. Kwenye mazishi, huko nyumbani Siaya, wazee walisema Caleb asimame katika nyumba ya nduguye, amrithi mjane. Adoyo alikataa palepale, mbele ya watu. Alisema ana mtoto wa kulea na kazi ya mikono yake, hahitaji kurithiwa na mtu. Truphena aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Hakuyaamini, au hakutaka kuyaamini. Aliona tu kwamba mwanamke huyo akibaki Tena, siku moja Caleb atakwenda Tena asirudi Mukuru.

Kwa hiyo Caleb alipokwenda kwa chifu kutafuta barua ya mirathi, Truphena alikwenda naye. Ndoa ya Adoyo haikuwa na cheti, na mahari haikuwa imemalizika. Chifu akauliza, huyu mwanamke ni nani? Caleb alitazama chini. Truphena ndiye aliyejibu. Baadaye akatia sahihi kwenye kiapo kama shahidi, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma hadi darasa la saba.

Adoyo alitoka katika nyumba ile siku ya mvua, mwezi wa nne, saa nane mchana, na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Alirudi mara moja kutoka getini kuchukua cherehani. Truphena alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma akamwambia aiache.

Baada ya siku ile ya wakili, mlio ulikuja kila siku. Haukuzidi wala haukukaribia. Ulishona tu, kwa subira, kama mtu mwenye kazi nyingi na muda wa kutosha. Truphena alijaribu kuomba, akajaribu redio, akajaribu kwenda kukaa kanisani mchana. Huko kanisani, kwenye benchi, katikati ya kimya, aliusikia mguu ule ukichechemea ndani ya kifua chake mwenyewe, na akatambua kwamba haikuwa na maana kukimbia.

Alikumbuka jambo moja. Adoyo alikuwa akinunua vitambaa Eastleigh, kwa mama mmoja Msomali aliyeitwa Qali, na alikuwa akimsifu kwamba hapunji kipimo. Truphena alikwenda kuuliza duka kwa duka hadi akampata. Qali alikuwa mzee sasa, amekaa kwenye kiti cha plastiki huku wajukuu wakiuza.

"Adoyo wa cherehani," Qali akasema. "Mguu wake mmoja ulikuwa hivi. Huyo amekufa, mama. Miaka sita sasa. Ilikuwa presha." Alimtazama Truphena kwa makini. "Wewe ni ndugu yake?"

"Tuliolewa nyumba moja."

"Basi umechelewa. Lakini binti yake anakuja hapa kila mwezi kununua kitambaa cha sare za shule. Yuko Mathare. Uliza karibu na daraja, fundi Celine."

Kibanda cha Celine kilikuwa cha mabati, kimepakwa rangi ya samawati, na sare za shule zimetundikwa mlangoni. Truphena alisimama nje kwa muda kabla ya kuingia, maana ndani cherehani ilikuwa ikishona, na alihitaji kujihakikishia kwamba hii wanaisikia watu wote.

"Wewe ndiye Celine?" akauliza.

Mwanamke aliyekuwa ameinama akainua uso. Alikuwa na paji la uso la Odera, pana na tulivu. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Mimi ni Truphena. Mama Owiti, wa Tena."

"Nimekujua ulipoita jina langu," Celine akasema. "Sauti yako naijua."

"Ulikuwa na miaka miwili tu."

"Sikuisikia kwako. Niliisikia kwa mama." Alikata uzi kwa meno, akakunja taratibu kaptula aliyokuwa akishona. "Zile wiki zake za mwisho alikuwa anaongea kwa sauti mbili. Analala ameelekea ukuta. Ikifika saa nane anaanza. Kwanza anasema, 'Hiyo mashine iache hapo. Hiyo ni ya Odera.' Hiyo haikuwa sauti yake, ilikuwa kali, ya juu kidogo. Halafu anajibu kwa sauti yake, 'Basi niachie sindano, nyieka.' Kila siku hivyo, mpaka akaisha. Mimi nilidhani ni homa. Leo nimekusikia mlangoni, nikajua haikuwa homa."

Truphena alikaa kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa. Miaka yote hiyo alidhani, kama aliwahi kufikiri, kwamba Adoyo alikwenda akasahau. Kumbe mwanamke yule alikuwa amemchukua yeye, sauti na yote, akaishi naye Mathare ndani ya chumba kimoja mpaka akafa naye.

Akamweleza Celine alichokuja kusema. Kwamba anaandika wosia. Kwamba atamwandika humo, apate nyumba nusu, au hata yote.

Celine alisikiliza mpaka mwisho. "Mama Owiti," akasema, na hakuwa na hasira, "unataka kuniachia nyumba ya baba yangu. Ukiniandika kwenye wosia wako, nitakuwa nimepewa na wewe. Na siku ukifa, mwanao atasema mamake alikuwa mzee, akachanganyikiwa, akampa fundi wa Mathare mali. Mimi sitaki kupewa. Mama alikwenda kwa chifu mara mbili, mara zote mbili akaambiwa yeye ni mpangaji. Rudi huko mlikosema hivyo, useme alikuwa nani. Hayo tu."

Kisha akavuta kaptula nyingine na kuanza kuishona.

Truphena alirudi Donholm, na safari hii alijibu swali. Wangeci aliacha kuandika katikati ya maelezo, akavua miwani.

"Mama, nikueleze wazi ili usije ukaniambia hukujua. Kiapo cha uongo ni kosa. Unaweza kuitwa na polisi. Na mahakama ikifuta ule mgao wa kwanza, nyumba inarudi kwenye mali ya Odera, na mrithi wake ni binti yake. Ulikuja kwangu kugawa mali. Ukiapa haya, hutakuwa na cha kugawa."

"Nimeelewa."

"Mwanao anajua?"

"Atajua Jumapili."

Owiti alijua Jumapili, baada ya ibada, akiwa bado na tai shingoni. Hakupiga kelele. Aliifungua tai polepole, akaikunja juu ya goti, na Mutheu akatoka nje mwenyewe.

"Mama, yule mwanamke amekufa. Baba amekufa. Nani anakudai?"

"Nasikia cherehani yake, Owiti."

"Ni moyo wako. Daktari alisema dawa zinaweza kukuletea mambo."

"Mutheu naye anasikia, na hanywi dawa. Baba yako alisikia. Ndiyo maana alitia kufuli."

Owiti alifunika uso kwa mikono. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikuwa na miaka saba, Mama. Nilikuwa kwenye ngazi hapo. Nilimwona akirudi kutoka getini na mtoto amelowa, na niliona ulivyosimama. Nimelijua jambo hili maisha yangu yote. Nililiweka mahali. Nikasoma kwa hii nyumba, nikaoa kwa hii nyumba. Sasa unanitaka nilitoe nilitazame, na baada ya kulitazama nitoke mikono mitupu?"

Truphena alitaka kumshika bega, lakini Owiti alishainuka.

"Fanya unavyofanya," akasema. "Lakini usiniombe nije kushuhudia."

Alichukua michoro ya fleti juu ya kabati akaondoka nayo, ingawa haikuwa na kazi tena.

Kiapo kipya kiliandikwa mwezi wa saba. Truphena alisomewa kwa sauti kabla ya kutia sahihi: kwamba marehemu Odera aliacha mke, Adoyo, ambaye sasa naye ni marehemu, na mtoto mmoja wa kike, Celine, kwamba yeye Truphena alilijua hilo, kwamba alisema vinginevyo kwa kukusudia. Sahihi yake ikatoka kama ya mtu mwingine.

Siku hiyo saa nane alikaa sebuleni akangoja. Hapakuwa na mlio. Siku ya pili vilevile. Angeshukuru, lakini kimya kile hakikuwa na huruma ndani yake. Kilikuwa kama kimya cha mtu aliyesikia alichotaka kusikia na sasa ameondoka bila kuaga. Alijikuta akiketi kila mchana na mikono mapajani, sikio limeelekea nyuma, akiwa karibu kutamani usikike hata mshono mmoja.

Kesi ilichukua miezi kumi na minne. Aliitwa kituoni akaandikisha taarifa, akaambiwa ataitwa tena. Hakuitwa, na hakuambiwa kwamba hataitwa. Geti likigongwa alikuwa akifunga kitambaa chake vizuri kichwani kabla ya kufungua. Owiti alimtumia dawa kwa dereva, hakuja mwenyewe.

Hukumu ilipotoka Celine alikuja Jumamosi asubuhi, amevaa gauni la kwenda kanisani. Truphena alikuwa ameshafunga nguo zake katika mabegi mawili. Alimkabidhi funguo mlangoni. Celine alipita vyumbani polepole, akagusa kuta, akafungua bomba la jikoni akayatazama maji yakitiririka, akalifunga. Aliporudi sebuleni aliyaona mabegi.

"Unaenda wapi?"

"Nitapata mahali. Kuna dada wa kanisa huko Umoja."

"Kaa," Celine akasema. "Nitapangisha vyumba vya mbele, wewe ubaki katika chumba chako. Usidhani nimekusamehe; hilo bado sijalifikia. Lakini nikikufukuza, siku moja nitakuwa mgonjwa nimelala, na mtoto wangu atasikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu. Sitaki."

Truphena akafungua mabegi.

Tangu hapo Celine huja kila Jumamosi kuona nyumba. Mwanzo alikuwa akikagua paa na bomba, kisha anaondoka bila kuketi. Mwezi wa tatu tangu aanze kuja aliketi, na Mutheu akaleta chai. Akauliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani, maana picha moja waliyokuwa nayo ililiwa na moto wa Mathare zamani, na wote waliomjua Odera walikuwa wameisha isipokuwa huyu aliyeketi mbele yake.

Truphena akamweleza. Alikuwa mrefu, akiimba sauti ya chini kanisani. Alikuwa akiogopa mbwa, hata wadogo. Chai alikuwa akiiacha ipoe kabisa ndipo ainywe. Alikuwa akivua viatu getini ili asichafue sakafu aliyoipiga deki Adoyo.

Celine alisikiliza bila kugusa kikombe. "Na akifika hapo getini," akauliza, "alikuwa anamwitaje mama? Jina gani? Mama aliniambia alikuwa na jina alilomwita yeye peke yake, lakini hakuwahi kunitajia. Alisema akilitaja atalia."

Truphena akafumba macho. Jumapili ngapi alikuwa amekaa sebule hii hii, akasikia geti likifunguliwa, akasikia mwanaume akimwita mkewe na mwanamke akicheka jikoni. Aliuona mkono wa Odera kwenye komeo. Aliliona pazia. Aliona midomo ikifunguka. Sauti haikuja.

"Nitalikumbuka," akasema. "Nipe mpaka Jumamosi."

"Sawa," Celine akasema, akachukua mkoba wake.

Jumamosi ikaja, hakuwa amelikumbuka. Wala ile iliyofuata. Mchana Truphena huketi na kujaribu majina, moja moja, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu funguo, na hakuna linaloingia. Celine hufika, huketi, huuliza. Truphena humwambia bado, na Celine hunywa chai yake na kwenda.